Stika ya Ukaguzi na Gari Lililozeeka: Kabla Kikundi Hakijanunua Probox

Katika mikutano ya vikundi hapa Wabera na mitaa ya jirani kuna swali moja ambalo linatufuata kila tunakokwenda: je, tununue Probox? Wanaouliza ni akina mama wa maziwa ya ngamia, vijana wanaouza mboga kutoka Meru, na vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo vimechoka kulipa nauli na kodi ya pikapu kila wiki. Sababu zao ni nzuri. Lakini mara nyingi swali linakuja wakati muuzaji tayari ameshapatikana, naye ameshasema maneno yale yanayotuliza moyo wa mweka hazina: “Gari iko sawa kabisa, ukaguzi imepita juzi, stika hii hapa.”

Tumeona ni vizuri tueleze kwa kirefu kidogo stika hiyo inasema nini na haisemi nini, hasa juu ya gari la aina hii ambalo limeshazeeka. Pesa za kikundi ni za watu wengi. Gari likiharibika baada ya miezi mitatu, atakayeulizwa ni mwenyekiti na mweka hazina wake, si muuzaji. Na likikatika breki, hakuna tena wa kuulizwa.

Gari lenyewe na lilikotoka

Toyota Probox ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002, ikachukua nafasi ya Corolla ya mizigo. Haikutengenezwa iwe gari la fahari. Ilikusudiwa kwa fundi, muuza duka na mtu wa kampuni anayezunguka mjini na vifaa vyake nyuma. Ndiyo maana kiti cha nyuma ni chembamba na kinalala, na ndani hakuna mapambo. Injini zake nyingi ni za petroli, za lita 1.3 na lita 1.5, na zinatumia mnyororo ndani badala ya mkanda wa raba ule unaotakiwa kubadilishwa kila baada ya kilomita fulani. Breki za mbele ni za diski, za nyuma ni za drami. Mwaka 2014 Toyota iliibadilisha sana, sura na gia pia. Kwa hiyo zile Probox za umbo la kwanza, zile tunazoziona sokoni kila siku, iliyo changa zaidi ni ya mwaka 2014, na za kwanza kabisa zimepita miaka 20.

Zilifikaje hapa? Kiwango cha Kenya kinachoitwa KS 1515, cha mwaka 2000, kinakataza kuingiza nchini gari lililopita miaka 8. Kwa hiyo Probox nyingi zilishuka Mombasa zikiwa na miaka sita, saba au minane. Umri wote uliobaki zimeuongeza hapa hapa, kwa barabara zetu na kwa mizigo yetu. (Jirani zetu wa Uganda walichagua njia nyingine: tangu sheria yao ya mwaka 2018, wanakataa gari lililopita miaka 15.)

Sasa sikilizeni jambo ambalo watu wengi hawalijui. Kule Japani gari la abiria hukaguliwa baada ya miaka mitatu ya kwanza, halafu kila miaka miwili. Lakini gari dogo la mizigo, na Probox nyingi ziliandikishwa hivyo, hukaguliwa baada ya miaka miwili na baada ya hapo kila mwaka bila kukosa. Likikosa karatasi hiyo haliruhusiwi barabarani. Maana yake ni kwamba Probox ya miaka saba ilipopandishwa melini ilikuwa imekwisha kupita mikononi mwa wakaguzi kama mara tano, na mara nyingi kila ukaguzi ulitanguliwa na sevisi. Halafu ikakaguliwa tena kwa niaba ya shirika la viwango, KEBS, kabla ya kusafiri.

Ikishafika huku, mambo hubadilika. Gari la biashara na gari la abiria linatakiwa kukaguliwa kila mwaka. Lakini gari lililoandikishwa kuwa la binafsi linaweza kukaa miaka na miaka bila mkaguzi yeyote kuliinamia, na huku linabeba mizigo na watu kushinda pikapu. Hapo ndipo sifa njema ya Probox inapoanza kutudanganya. Tunalisifu gari kwa nguvu ambazo nusu yake zilitokana na nidhamu ya mwenye gari wa kwanza, ambaye hatukumjua.

Mkaguzi huangalia nini

Zamani kazi ya ukaguzi ilikuwa ya polisi, kitengo cha kukagua magari. Sheria ya mwaka 2012 ilipounda Halmashauri ya Usalama Barabarani, ile tunayoiita NTSA, kazi hiyo ikahamia huko. Katikati ya hapo wengi mnakumbuka sheria za Waziri John Michuki zilizoanza kufanya kazi tarehe 1 Februari 2004: mikanda ya usalama, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa kwa magari ya abiria, na nyinginezo. Kwa mara ya kwanza mwananchi wa kawaida aliona kwamba gari bovu linaweza kuondolewa barabarani.

Mkaguzi anayefanya kazi yake vizuri huanza na karatasi: nambari ya chasisi iliyogongwa kwenye gari ni ile ile ya logibuku? Injini je? Halafu taa zote, indiketa, taa za breki, honi, wipa, vioo na mikanda. Hutazama tairi, na kama kioo cha mbele kina ufa unaomziba dereva macho. Kisha huenda chini ya gari: viungo vya usukani, bushi, shokapu, mabomba ya breki, eksozi, kutu, mafuta yanayovuja. Penye mashine, gari huwekwa juu ya rola na breki hupimwa gurudumu kwa gurudumu, kuona kama la kushoto linashika sawa na la kulia. Hiyo rola ni kitu kizuri sana, kwa sababu breki inayovuta upande mmoja dereva huizoea polepole mpaka hajui tena kwamba anaisahihisha kwa usukani.

Gari likifeli, mwenye gari huonyeshwa makosa, huenda akarekebisha, na hurudi.

Ukiangalia hayo yote, utaona kwamba ukaguzi unauliza swali moja tu: je, gari hili, kama lilivyosimama hapa leo, ni salama kuingia barabarani? Ni swali la maana. Lakini mnunuzi ana maswali mengine, nayo stika haiyajibu.

Stika haisemi kama injini inakula oili. Haisemi kama gia inateleza ikipata moto, au redieta imezibwa kwa sabuni. Mkaguzi hafungui injini. Tena hukagua gari likiwa tupu, halafu sisi tunalipakia. Halafu kuna yale ambayo kila dereva anayajua ingawa hayasemwi mkutanoni: kuna mwenye gari anayeazima tairi nzuri kwa siku moja, akishatoka kituoni anarudisha zile zake zilizoisha. Na kuna karatasi zinazopatikana huku gari limeegeshwa nyumbani. Hatusemi kila stika ni hivyo. Tunasema kwamba kikundi hakiwezi kujua kwa kuitazama tu.

Wenzetu wanajuaje?

Mwanachama mmoja anaweza kuuliza: hakuna mahali palipoandikwa kwamba gari aina fulani hupita ukaguzi kuliko nyingine? Kwa nchi nyingine papo. Uingereza gari hukaguliwa kuanzia mwaka wa tatu, kila mwaka, na mtu yeyote akiwa na nambari ya gari anaweza kutazama bila malipo kwenye kompyuta au simu kwamba lilipita lini, lilifeli lini, kwa kosa gani, na lilikuwa limetembea umbali gani siku hiyo. Ujerumani huko, vituo vya TÜV hutoa kitabu kila mwaka kinachopanga magari kwa aina na kwa umri, yale yanayofeli sana na yale yanayofeli kidogo.

Vitabu hivyo vinafundisha jambo hata kwa sisi tulio mbali. Aina ya gari ina uzito wake, lakini umri una uzito mkubwa, na matunzo pia. Hata gari lenye jina zuri, kadiri miaka inavyozidi ndivyo makosa yanavyozidi. Na makosa yenyewe si mageni: taa, breki, shokapu na viungo vya chini, tairi, mafuta kuvuja. Injini kufa si sababu kubwa ya kufeli. Gari hufeli kwa vitu vidogo vya bei ya kati ambavyo mwenyewe aliviona na akasema “nitafanya mwezi ujao.”

Hapa kwetu mwananchi hana kitabu cha namna hiyo cha kufungua. Kwa hiyo mtu akikwambia “Probox haifeli,” ni maneno ya kijiweni. Kwa maoni yetu ni gari gumu kweli kweli, lenye spea zinazopatikana na fundi wa jua kali anayelijua kwa kufumba macho. Lakini Probox mbili za mwaka mmoja, moja ilikuwa ya mwalimu anayeenda shule na kurudi, nyingine ilikuwa ya kukimbiza miraa usiku, si gari moja tena. Jina tu ndilo moja.

Mzigo ndio unaozeesha

Hapa tutakaa kidogo, kwa maana ndipo palipo na hatari.

Mtengenezaji aliipa Probox uwezo wa kubeba karibu kilo 400 za mizigo ikiwa na watu wawili, au karibu kilo 250 ikiwa na watu watano. Tufanye hesabu ya maziwa. Dumu la lita 20 la maziwa lina uzito wa kilo 20 na zaidi kidogo, bila kuhesabu dumu lenyewe. Madumu 20 ni lita 400, yaani kilo 400 na kitu. Kwa hiyo dereva, mtu mmoja wa kusindikiza, na madumu 20: hapo ndipo mwisho. Mama wa tatu akipanda na magunia mawili ya viazi, mmepita.

Sasa tuhesabu watu. Watu kumi wazima, tuseme kila mmoja kilo 65, ni kilo 650. Ongeza vikapu na mifuko, kilo 100. Jumla ni kilo 750. Gari lenyewe likiwa tupu lina uzito wa karibu tani moja. Ile nafasi ya watu watano na mizigo yao ilikusudia jumla ya kilo 500 na kidogo. Na katika sehemu nyingi za nchi yetu watu kumi ndani ya Probox ni jambo la kawaida, mpaka abiria mmoja anakaa pembeni ya dereva mlangoni, na dereva anabadilisha gia kwa kupapasa.

Gari halivunjiki siku hiyo, na hilo ndilo linalotudanganya. Linabeba, linafika, watu wanashuka wakicheka. Kinachotokea ni kwamba bushi zinachanika kidogo kidogo, koili za nyuma zinalegea, shokapu zinavuja, na viungo vya mbele, ambavyo mafundi huviita boljointi, vinapata uchezo. Mwenye gari akiona nyuma imelala, hapunguzi mzigo. Anapachika raba katikati ya koili, au anaongeza spring. Nyuma inanyanyuka, gari linaonekana zima. Lakini breki ni zile zile, tairi ni zile zile na ekseli ni ile ile. Tungependa kila kikundi kikiona Probox iliyoinuliwa nyuma kijue kwamba kimepata ushahidi: gari hili limekuwa likibebeshwa kupita uwezo.

Tena Probox ilitoka kiwandani na tairi za gari la mizigo, zenye nyuzi za nguvu ubavuni. Hapa nyingi zimevalishwa rimu pana na tairi za saluni kwa sababu zinapendeza au zilipatikana kwa bei nafuu. Tairi ya saluni chini ya mzigo wa gari la mizigo, kwenye joto la Isiolo mchana, ni jambo la kuogopesha.

Halafu kuna mteremko. Kila anayetoka Nanyuki au Meru kuja kwetu anaujua. Timau iko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na Isiolo tuko kama mita 1,100. Ukishapita njia panda ya Subuiga barabara inashuka karibu mpaka mjini. Dereva akishuka na gia ya juu huku amekanyaga breki njia nzima, diski na drami zinapata moto mkali. Mafuta ya breki nayo yana tabia ya kunyonya maji kutoka hewani mwaka baada ya mwaka. Yakikaa bila kubadilishwa miaka mingi, maji yale yanachemka kwa joto hilo, yanageuka kuwa mvuke, na mvuke hausukumi breki kama mafuta yanavyosukuma. Pedali inazama mpaka chini. Dereva anasema baadaye, akibahatika kusema, kwamba “breki zilikataa ghafula.” Hazikukataa ghafula. Yalikuwa mafuta ya shilingi mia kadhaa, ambayo hakuna aliyekumbuka kuyabadilisha. Na gari hilo huenda lilipita ukaguzi, maana kwenye rola breki zilikuwa baridi na gari lilikuwa tupu.

Upande wa pili, lami ya kwenda Moyale iliyokamilika miaka ya 2016 na 2017, karibu kilomita 500, imeleta hatari ya aina nyingine. Zamani barabara ile ya mawe ilimlazimisha kila mtu aende polepole. Sasa gari lililozeeka linaweza kufika mwendo ambao tairi zake na viungo vyake haviuwezi. Na ukitoka kwenye lami kwenda Merti, unarudi kwenye mchanga na mashimo, ambako shokapu mbovu hujulikana mara moja. Kenya imekuwa ikipoteza watu zaidi ya 4,000 kwa mwaka barabarani tangu 2021. Hatuwezi kusema ni wangapi walikufa kwa gari bovu na wangapi kwa mwendo au usingizi. Mara nyingi yote hukutana mahali pamoja.

Kikundi kijikagulie

Chagueni watu watatu: mmoja anayejua magari, mmoja anayejua kuandika vizuri, na mmoja asiye na haraka. Huyu wa tatu ni muhimu kuliko mnavyodhani, kwa sababu muuzaji atasema kuna mteja mwingine anakuja jioni. Mwende na fundi wenu, mliyemlipa ninyi. Fundi aliyeletwa na muuzaji ni wa muuzaji, hata kama ni mtu mzuri.

Mwambieni muuzaji kabla kwamba mnataka kulikuta gari likiwa baridi. Mguse boneti. Kama lina joto, liliwashwa mapema ili kuficha jambo. Likiwashwa, tazameni eksozi. Moshi wa buluu unaoendelea ni oili inayoungua. Tazameni pia dashibodi: ufunguo ukifunguliwa, taa ndogo za onyo zinatakiwa kuwaka zote na kisha kuzimika injini ikianza. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayowaka, kwani kuna watu wanaoitoa ili isiseme ukweli.

Kwa breki, kanyageni pedali kwa nguvu na mshikilie dakika nzima injini ikiwa inanguruma. Ikiendelea kuzama polepole, kuna mahali panavuja. Jaribuni hendibreki kwenye mlima mdogo. Inueni gurudumu la mbele kwa jeki, mlishike juu na chini mtikise, halafu kushoto na kulia. Likigonga, viungo vimekwisha. Bonyezeni kona ya gari kwa uzito wa mwili kisha mwachie. Linatakiwa lipande na kutulia, si kuchezacheza kama kitanda cha kamba.

Tairi zina habari ya kuandikwa kabisa. Ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Ikiwa ni 2319, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya zamani inaweza kuwa na meno mazuri na bado ikapasuka, kwa sababu raba imekauka. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo. Meno yakifika usawa wa vinundu, tairi imekwisha. Na kama tairi zote nne ni mpya sana kuliko gari lote lilivyo, ulizeni kwa upole kama zinauzwa pamoja na gari. Mwandike jibu kwenye mapatano.

Kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi msiziamini peke yake. Ulizeni kama ile karatasi ya kuuzwa nje ya Japani bado ipo, maana kwa kawaida huonyesha gari lilikuwa limetembea umbali gani lilipoondoka. Tumesikia Probox ya miaka 15 ikinadiwa kwa kilomita 90,000. Mgawanye kwa miaka mwone kama inaingia akilini kwa gari la kazi.

Mwisho wa kuangalia, lijaribuni na mzigo. Si lazima uwe mkubwa. Watu watano wakae ndani, mpande nalo kilima na mshuke. Muuzaji akikataa, mmeshajibiwa.

Baadaye ndipo stika inapopata kazi yake. Pendekezo letu ni kwamba, mkishalipenda gari na kabla hamjalipa, mwombe lipelekwe ukaguzi upya, mwanachama wenu akiwa ndani ya gari kutoka hapa mpaka kituoni na kurudi. Mnaweza kukubaliana kugawana gharama. Stika ile ile iliyokuwa haina maana ikiwa imebandikwa na mtu msiyemjua, inakuwa na maana mkiwa mmeshuhudia gari likipita na tairi zake zenyewe.

Pesa baada ya pesa

Kosa tunaloliona kwa vikundi vingi ni kutumia akiba yote kununua. Tuseme mna shilingi 600,000. Msitafute gari la 600,000. Tafuteni la 450,000, halafu zinazobaki zilipie bima, kuhamisha jina kwenye logibuku, na ile orodha ya fundi: mafuta yote, pedi za mbele, shuu za nyuma, bushi, pengine shokapu na tairi. (Bei hizi ni za mfano tu.) Kwa gari lililopita miaka kumi na tano, orodha hiyo si bahati mbaya, ni sehemu ya bei.

Kuhusu bima tunaomba msikilize vizuri. Ikiwa gari limeandikishwa na kukatiwa bima kama la binafsi, na ninyi mnatoza nauli au kodi ya mizigo, kampuni ya bima inaweza kukataa madai siku ya ajali. Mama aliyepanda kwenda kliniki kwa shilingi mia na kuvunjika mguu anaweza kubaki na deni la hospitali, na kikundi kikabaki na kesi. Amueni mapema gari litafanya kazi gani, mkate bima ya kazi hiyo, na kama ni ya biashara basi ukaguzi wa kila mwaka ni lazima, si hiari.

Na muwe na daftari la gari, likae kwa katibu, si kwa dereva. Kila siku liandikwe kilomita za asubuhi na za jioni, mafuta yaliyonunuliwa, mzigo au watu waliobebwa. Kila spea iandikwe tarehe iliyofungwa na kilomita zake. Baada ya mwaka mmoja mtajua kitu ambacho hata muuza magari hakijui: Probox yenu inakula bushi kila baada ya kilomita ngapi kwa njia ya Merti, na ngapi kwa njia ya Meru. Vikundi vitatu au vinne vikiweka madaftari ya namna hii na kulinganisha, tutakuwa na kitabu chetu wenyewe, hata kama ni cha kurasa chache. Ofisi yetu iko tayari kuwachorea safu za daftari hilo, kwa yeyote atakayekuja na rula.

Kwa wale ambao tayari wana gari na mwaka wao umekaribia kuisha, nafasi ya ukaguzi huombwa na kulipiwa kupitia eCitizen. Asiyejua kutumia aende kwa vijana wa saiba, lakini awe na nambari yake ya siri mwenyewe, asimwachie kijana. Kituo cha NTSA cha Meru ndicho ambacho wengi wa hapa hukitumia. Nendeni na logibuku na kitambulisho, mkaondoke asubuhi, na siku moja kabla fundi apitie taa zote na mafuta ya breki. Mkifeli, msitafute mtu wa kuwatengenezea njia ya mkato pale getini. Chukueni orodha ya makosa, mrudi nayo kwa fundi, na muibandike kwenye daftari.